Chongqing Haina Bahari

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi wenye vyeti vizuri, ambao ukiwauliza kwa nini nchi fulani ya bara ni maskini hukujibu upesi kwamba nchi hiyo iko mbali na bahari. Wakishasema hivyo hunyamaza, kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa na hakuna rufani. Mzigo una gharama, meli haifiki, basi mwananchi akae alime na asubiri mnunuzi aje na bei yake mfukoni. Sisi hatusemi kwamba umbali si kitu. Tunasema tu kwamba watu hao wangefanya vizuri wautazame kidogo mji wa Chongqing.

Mji huu uko kusini-magharibi ya Uchina, pale mto Jialing unapoingia katika mto mkubwa wa Yangtze. Kutoka hapo mpaka Shanghai, mahali mto unapokutana na bahari, ni safari ya maji ya kilomita zipatazo 2,400. Reli yetu ya Uhuru, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860. Kwa njia hiyo ya mto, basi, Chongqing iko mbali na bandari kuliko Kapiri Mposhi, na tena imezungukwa na milima. Mji wenyewe umejengwa juu ya majabali, umejaa ngazi na ukungu, na mpaka miaka ya karibuni mizigo ilipandishwa kutoka gatini kwa mabega ya wapagazi wenye fimbo za mianzi. Tangu mwaka 1997 umetengwa na jimbo la Sichuan ukawa chini ya serikali kuu moja kwa moja. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 82,000, na wakazi wake wamepita milioni 30. Wako waandishi wanaopenda kuuita mji mkubwa kuliko yote duniani. Msomaji asidanganyike, kwani hesabu hiyo inachanganya mji, mashamba, milima na miji midogo mingi.

Mji wa namna hiyo, kwa mawazo ya wale wasomi wetu, ungepaswa kuuza mazao ghafi na kunyamaza. Na kwa kweli kwa muda mrefu ndivyo ulivyofanya. Lakini yafaa tuangalie ni nani aliyeupanga ufanye hivyo.

Mlango wa Chongqing haukufunguliwa na Wachina. Waingereza walianza kuudai katika mkataba wa mwaka 1876, na mwaka 1891 forodha ikafunguliwa rasmi. Forodha hiyo ilikuwa ya Uchina kwa jina. Idara nzima ya forodha ya nchi ile iliongozwa wakati huo na Robert Hart, mtu wa Uingereza, na wakubwa wake katika bandari walikuwa wageni. Ushuru wa bidhaa zinazoingia ulikuwa umefungwa na mikataba kwenye kiasi cha asilimia 5 hivi, wala serikali ya Uchina haikuwa na ruhusa ya kuupandisha ili ilinde kazi za watu wake. Mgeni aliyekuwa na hati yake alipitisha bidhaa mpaka bara bila kulipa ushuru wa njiani, hali mfanyabiashara wa kienyeji alitozwa kila kizuizi. Mwaka 1895 Wajapani, baada ya kuwashinda Wachina vitani, nao wakajiandikia haki ya kuingia Chongqing, na mwaka 1901 wakapata kipande chao cha ardhi ng'ambo ya mto. Meli ya kwanza ya moshi kufika mjini, mwaka 1898, ilikuwa ya Mwingereza aliyeitwa Archibald Little.

Ni biashara gani iliyopita katika mlango huo? Ziliingia nyuzi na nguo za pamba. Zikatoka hariri, mizizi ya dawa, ngozi, kasumba, mafuta ya mti wa tung ambayo hupakwa mbao za meli, na nywele ngumu za nguruwe kwa ajili ya viwanda vya brashi vya Ulaya na Marekani. Msomaji Mwislamu asinune. Biashara ni biashara, na nywele hizo zilikuwa mali kubwa kiasi kwamba katika Vita Kuu ya Pili zilihesabiwa miongoni mwa vitu vya lazima vya vita, kwa sababu manowari na ndege hupakwa rangi kwa brashi. Mchina mmoja wa Chongqing, Gu Gengyu, alipata jina kubwa kwa kuzikusanya, kuzichambua, kuzitia alama yake na kuziuza mwenyewe ng'ambo pasipo kupitia nyumba za biashara za wageni. Hata hivyo nywele ni nywele. Aliyepata zaidi ni mwenye kiwanda cha brashi.

Uchina iliirudisha haki ya kupanga ushuru wake kati ya mwaka 1928 na 1930. Lakini katika mji wa Chongqing kazi ya kujikomboa ilikuwa imeanza mapema kidogo, na ilianza majini. Mwaka 1925 mwalimu mmoja wa zamani, Lu Zuofu, alianzisha kampuni ya meli iliyoitwa Minsheng. Alikuwa na chombo kimoja kidogo cha tani 70 hivi. Wakati huo mto wa juu ulikuwa umejaa meli za Waingereza, Wajapani na Wamarekani, na meli nyingine za Wachina zilipeperusha bendera za kigeni ili zisisumbuliwe. Lu Zuofu hakupiga kelele nyingi. Alipanga ratiba na akaifuata. Alimheshimu abiria wa daraja la chini. Akanunua meli za wenziwe waliokuwa wakifilisika, moja baada ya moja. Baada ya miaka kumi kampuni yake ilikuwa na nguvu kuliko nyingine yoyote katika mto ule wa juu.

Faida ya kuwa na chombo chako mwenyewe ilionekana mwaka 1938. Wajapani walikuwa wameteka pwani na miji mikubwa ya chini, na mitambo iliyookolewa kutoka viwanda vya huko ilikuwa imerundikana Yichang, chini ya magenge makubwa ya mto. Ilibaki kama siku 40 kabla maji hayajapungua. Meli za Minsheng zilikwenda na kurudi katika magenge hayo mchana kutwa, zikapandisha maelfu ya watu na tani zipatazo 90,000 za mitambo. Chongqing ikawa makao makuu ya nchi mpaka mwaka 1946, na ilipigwa mabomu na Wajapani kwa miaka zaidi ya mitano. Viwanda vya silaha vilivyohamishiwa huko havikuondoka vyote vita vilipokwisha. Kiwanda cha magari cha Changan, kinachotoa leo magari zaidi ya milioni 2 kwa mwaka katika matawi yake yote, kina asili ya karakana ya silaha ya mwaka 1862 iliyokuwa huko Shanghai.

Kuanzia mwaka 1964 serikali ya Mao Zedong, ikihofia kushambuliwa na Marekani, na baadaye na Urusi pia, iliongeza viwanda vingine vingi vya silaha na vyuma katika milima ya bara. Kwa hesabu ya fedha lilikuwa jambo la hasara. Karakana zilifichwa mabondeni, mbali na reli na mbali na soko. Lakini zilileta mafundi. Vita vilivyohofiwa havikuja, na baada ya mwaka 1978 serikali ikaacha kununua mizinga mingi, mafundi hao wakabaki na mashine zao na njaa yao.

Hapo ndipo zilipozaliwa pikipiki. Mwaka 1979 kiwanda cha silaha cha Jialing kiliunda pikipiki zake za kwanza, kisha kikashirikiana na Honda. Kiwanda jirani cha Jianshe kikashirikiana na Yamaha. Wachina hawakuona haya kujifunza kwa Mjapani yule yule aliyewapiga mabomu. Baada ya hapo wakaja wadogo. Yin Mingshan, mtu aliyekaa kifungoni kwa miaka mingi kwa sababu za siasa, halafu akauza vitabu, alianzisha karakana mwaka 1992 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50 na wafanyakazi tisa. Alinunua vipuri vya injini kimoja kimoja, akaviunganisha, akaiuza injini nzima kwa faida. Wakubwa walipong'amua wakamkatia vipuri, naye akawatafuta wengine wa kumtengenezea. Karakana hiyo ikawa kampuni ya Lifan. Mwingine, Zuo Zongshen, alikuwa fundi wa kutengeneza pikipiki mbovu. Akawa mwenye kiwanda cha Zongshen.

Siri ya mji huo haikuwa mtu mmoja mwerevu. Siri ilikuwa kwamba karibu kila kipande cha pikipiki, kuanzia silinda mpaka skrubu, kilipatikana kwa fundi fulani katika mtaa fulani, mwendo wa saa chache. Mwenye mtaji mdogo aliweza kuanza kwa kutengeneza kitu kimoja tu. Kampuni ya Seres, inayouza leo magari ya umeme pamoja na Huawei, ilianza mwaka 1986 kama kiwanda kidogo cha springi. Kutoka springi ikafika kwenye pikipiki, kutoka pikipiki kwenye magari madogo ya mizigo, kisha ikafika hapo ilipo.

Tusisifu kupita kiasi. Karibu na mwaka 2000 watu wa Chongqing waliingia soko la Vietnam na kuliteka kwa bei za chini ajabu. Kisha wakaanza kupigana wao kwa wao. Huyu akipunguza bei, yule akapunguza zaidi, na ili kupunguza zaidi wakapunguza chuma. Pikipiki zikaanza kuvunjika. Serikali ya Vietnam ikabana uingizaji, Honda ikaleta pikipiki yake ya bei nafuu mwaka 2002, na soko likawaponyoka. Lifan yenyewe, baada ya kujiingiza katika magari na kukopa sana, ilifikishwa mahakamani kupangwa upya mwaka 2020.

Sasa tuje kwenye jambo lililoibadili biashara ya nje ya mji huo, nalo ni kompyuta mpakato. Mwaka 2009 biashara yote ya nje ya Chongqing, kuingiza na kutoa, ilikuwa dola bilioni 8 hivi. Kwa mji wa watu wengi kiasi hicho ni kidogo sana. Kiongozi mmoja wa mji, Huang Qifan, aliyekuwa naibu meya na kisha meya mpaka mwaka 2016, alikuwa ameukataa udhuru wa umbali kwa hesabu ya karani. Desturi ya viwanda vya pwani ilikuwa kuleta vipuri kutoka nje, kuvifunga, na kupeleka bidhaa nje tena. Mji wa bara ukifuata desturi hiyo utalipa nauli mara mbili, utashindwa tu. Lakini vipuri vingi vikitengenezwa hapo hapo, nauli ya kuleta itatoweka, ibaki nauli ya kutoa peke yake.

Basi aliiendea kampuni ya Marekani ya HP akaiambia kwamba mji unataka oda ya mamilioni ya kompyuta, nao mji utahakikisha vipuri vyake vinatengenezwa karibu. Akaenda kwa kampuni kubwa za ufungaji kutoka Taiwan, Foxconn, Quanta na Inventec, akawaambia kwamba oda ipo, waje. Kisha akawaendea watengenezaji wadogo akawaambia kwamba wafungaji wakubwa wapo, nao waje. Acer na Asus wakafuata. Serikali ikatenga maeneo ya forodha ambamo bidhaa ya kusafirishwa nje hailipiwi ushuru, kodi ya faida ikawa asilimia 15 badala ya 25 kama ilivyoruhusiwa kwa majimbo ya magharibi, na zikajengwa nyumba nyingi za kupangisha kwa bei ndogo kwa ajili ya wafanyakazi. Vijana waliokuwa wakisafiri mpaka Guangdong kutafuta kazi wakaanza kupata kazi karibu na kwao. Mwaka 2014 biashara ya nje ilikuwa imepita dola bilioni 90. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa sana ya kompyuta mpakato za dunia, robo yake au zaidi, zilitoka katika mji huu usio na bahari.

Ilibaki nauli ya kutoa. Meli hushuka mtoni mpaka Shanghai, kisha huzunguka Asia nzima mpaka Ulaya, safari ya mwezi na zaidi. Kompyuta si magunia ya chumvi; kila wiki inayopita bei yake inashuka. Wakaelekea upande wa pili, nchi kavu. Mwezi wa Machi mwaka 2011 gari moshi la mizigo liliondoka Chongqing kwenda Duisburg, Ujerumani, kupitia Xinjiang, Kazakhstan, Urusi, Belarus na Poland, njia ya kilomita 11,179. Lilifika kwa siku kama 16, na baadaye muda ukapungua.

Watu wanapenda kuisifu njia hiyo kana kwamba ni reli mpya. Reli zilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa mapatano. Upana wa reli ya Uchina ni milimita 1,435. Ukiingia Kazakhstan ni milimita 1,520 mpaka mwisho wa Belarus. Ukiingia Poland unarudi 1,435. Makontena lazima yainuliwe na kuwekwa juu ya mabehewa mengine mara mbili. Sisi tunaoijua Kidatu, ambako reli ya Uhuru ya milimita 1,067 inakutana na reli ya kati ya milimita 1,000, tunaelewa maana yake. Tena kila mpaka ulikuwa na maofisa wake wa forodha, waliotaka kila mmoja afungue kontena kivyake. Watu wa Chongqing walishinda wakikaa na Wakazaki, Warusi na Wajerumani kutafuta ratiba moja, bei moja na lakiri moja ambayo, ikishapigwa mwanzo, haivunjwi njiani. Iliwasaidia kwamba Kazakhstan, Urusi na Belarus zilikuwa zimeunganisha forodha zao mwaka 2010. Halafu kulikuwa na baridi. Katika majira ya baridi ya Siberia na Kazakhstan kompyuta huharibika, ikabidi makontena yafunikwe kwa vitambaa maalumu vya kuzuia baridi.

Rais Xi Jinping alikwenda Duisburg mwaka 2014 kulilaki gari moshi hilo. Miji mingine ya Uchina ikaona wivu, kila mmoja ukataka gari moshi lake, na serikali za miji zikalipa ruzuku ili mabehewa yaonekane mengi, hata yaliporudi matupu. Huo ulikuwa upumbavu wa kushindana kwa picha za magazetini, na serikali kuu ililazimika kuwabana. Hata hivyo njia ilisimama. Tarehe 15 Novemba 2024 gari moshi la 100,000 kati ya Uchina na Ulaya, kwa hesabu ya miji yote, liliondoka katika stesheni ya Tuanjiecun, Chongqing, kuelekea Duisburg kule kule. Vita vya Ukraine tangu mwaka 2022 vimewafundisha wenye mizigo kwamba njia inayopita katika nchi ya mtu mwingine inategemea pia ugomvi wa mtu huyo.

Labda kwa sababu hiyo Chongqing haikutegemea njia moja. Mwaka 2015 Uchina na Singapore zilipatana kuufanya mji huo kituo cha ushirikiano wao, na tangu mwaka 2017 magari moshi yakaanza kushuka kusini mpaka bandari ya Qinzhou katika Ghuba ya Beibu, ambako makontena yanapakiwa melini. Kwenda baharini kwa njia hiyo ni karibu sana kuliko kwenda Shanghai. Reli ya Laos ilipofunguliwa Desemba 2021, ikaongezeka njia ya nchi kavu mpaka Vientiane.

Na mto bado unabeba mzigo mwingi kuliko vyote, lakini mto huo umelipiwa kwa bei ambayo haiandikwi katika vitabu vya forodha. Bwawa la Magenge Matatu liliinua maji mpaka meli kubwa za maelfu ya tani zikaweza kufika Chongqing, jambo ambalo zamani halikuwezekana. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa, na wengi wao walikuwa wa Chongqing. Mashamba yao mazuri ya bondeni yalizama, wakapewa ya mlimani au wakapelekwa majimbo ya mbali. Vizingiti vya kupandisha na kushusha meli vilianza kazi mwaka 2003. Uwezo wake wa tani milioni 100 kwa mwaka, uliodhaniwa ungetosha mpaka mwaka 2030, ulijaa mwaka 2011. Siku hizi meli hupanga foleni kwa siku kadhaa. Na mwezi wa Agosti mwaka 2022 ukame mkali ulipopunguza maji na umeme, viwanda vya mji vilifungwa ili nyumba zipate taa.

Tungekuwa waongo kama tungeficha mengine. Mji huohuo, chini ya katibu wa chama Bo Xilai, kuanzia mwaka 2007 mpaka alipoanguka mwaka 2012, uliona wafanyabiashara wakikamatwa na mali zao kutwaliwa kwa jina la vita dhidi ya majambazi, baadhi yao bila hukumu ya haki. Yeye mwenyewe alifungwa maisha mwaka 2013 kwa rushwa na matumizi mabaya ya madaraka. Mfanyakazi wa kompyuta alisimama saa nyingi kwa mshahara ulio chini ya ule wa pwani, na huo mshahara mdogo ulikuwa sehemu ya mvuto wenyewe uliowaleta wenye viwanda. Na kompyuta ile, ikishafungwa, jina lililo juu yake ni la Marekani au la Taiwan, na chipu iliyo ndani imekuja kwa ndege kutoka nje. Ndiyo sababu, Wamarekani walipoanza vita vya ushuru mwaka 2018 na wenye majina wakaanza kuhamishia oda Vietnam na Thailand, mji ulitikisika. Biashara ya nje iliyokuwa imepita yuani bilioni 800 mwaka 2021 na 2022 ilirudi kwenye bilioni 710 hivi mwaka 2023. Kinachoipa Chongqing pumzi sasa ni magari, yaani watoto na wajukuu wa zile karakana za vipuri, zenye majina ya kwao wenyewe. Tunaona katika jambo hili tofauti kubwa kati ya kiwanda ulichokaribisha na kiwanda ulichozaa.

Msomaji atauliza habari hizi zatuhusu nini sisi. Asimame kando ya barabara ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwa dakika tano. Pikipiki zinazompita, zile zisizotoka India, kwa sehemu kubwa zimetoka Uchina, na Chongqing ni mmoja wa miji miwili mitatu inayotengeneza pikipiki nyingi kuliko mingine katika Uchina. Nyingi huja kwetu zikiwa vipande ndani ya masanduku, zikafungwa hapa kwa spana, kisha tukaambiwa kwamba tumepata kiwanda. Mpaka leo tunaagiza kutoka ng'ambo rimu, kiti, mnyororo, hata kapu la taa. Yin Mingshan naye alianza kwa kufunga vipande, lakini vipande vyake vilitengenezwa mtaa wa pili.

Upande wa pili wa mizani, Uchina imetuondolea ushuru. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 bidhaa zote za nchi zilizo nyuma kimaendeleo zenye uhusiano nayo, Tanzania na Uganda zikiwamo, zinaruhusiwa kuingia huko bila kutozwa kitu, na mwaka 2025 ilitangaza kwamba itafanya hivyo kwa nchi 53 za Afrika. Ni jambo jema na tunashukuru. Lakini tunapitisha nini mlangoni? Tanzania hupeleka ufuta mwingi Uchina. Watu wa Chongqing ni walaji wakubwa wa mafuta ya ufuta. Nyama yao ya chungu, yenye pilipili ya kutoa machozi, huchovywa humo kabla ya kuliwa. Sisi twapeleka mbegu katika magunia. Ufuta ni zao safi kuliko nywele za nguruwe, lakini kwa habari ya nani anabaki na faida, vitu hivi viwili ni ndugu.

Serikali zetu za Afrika Mashariki zinaendelea kutia saini mapatano na wenye pikipiki, na sasa na wenye pikipiki za umeme. Tunataka kila mapatano ya namna hiyo yawe na orodha: ni vipuri gani vitatengenezwa hapa, na fundi gani, kuanzia mwaka gani, na mwenye kiwanda atapoteza msamaha gani wa kodi mwaka huo ukipita bila kitu. Huang Qifan hakuwaambia HP waje wakiwa na bisibisi tu. Orodha hiyo isiwekwe kabatini wizarani. Ichapishwe, ili mwenye bodaboda wa Manzese na fundi wa Gikomba waisome, wahesabu miaka, na waje kuuliza.